Nilisema hivi, wakaamua vile: maoni yetu yalikuwa ya nini?

Swali

Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi kijijini wilayani Kilosa. Mwaka 1991 nilisimama mbele ya Tume ya Jaji Nyalali nikasema chama kimoja kiendelee. Mwaka uliofuata vikaja vyama vingi. Mwaka 2012 nikasimama tena, safari hii mbele ya Tume ya Jaji Warioba. Nilizungumzia maji na ardhi. Habari ya Muungano wetu kuwa na serikali mbili au tatu sikuigusa. Baadaye nikasikia wakubwa wanabishana kama sisi ambao hatukuigusa tuliikubali au tuliikataa. Naomba unifafanulie. Serikali ambayo tayari ina kura zetu inatafuta nini tena kwenye maoni yetu? Na ikishayapata, inalazimika kuyafuata? Wanangu wananiambia nikae nyumbani nipumzike, na nimeanza kukosa cha kuwajibu.

Jibu

Shikamoo, Mwalimu.

Umesimama mbele ya tume mara mbili, miaka 21 ikiwa katikati, na mara zote mbili ukarudi nyumbani bila kuambiwa maneno yako yamekwenda wapi. Nimelifundisha somo hili kwa muda mrefu, lakini sijapata mwanafunzi aliyelishika pagumu kama ulivyolishika wewe. Nitakujibu kwa kutumia tume zako hizo hizo, maana ukizielewa vizuri mbili hizo sehemu kubwa ya jambo hili utakuwa umeipata.

Nianze na hilo la kulazimika. Kisheria, hapana. Tume ya kukusanya maoni humshauri aliyeiteua, na ushauri unaweza kukataliwa. Kinachofunga mikono ya serikali ni kura. Hapa lugha yetu yenyewe imetuchanganya kidogo. "Kura ya maoni" tunaiita ile ya kuamua katiba, ambayo matokeo yake ni sheria. "Kura ya maoni" pia tunaita utafiti wa taasisi inayopiga simu kuuliza watu wanamwonaje Rais. Na ndani ya chama, "kura za maoni" ni zile za kumpata mgombea, ambazo vikao vya juu vinaweza kuzipindua. Vitu vitatu vyenye nguvu tofauti kabisa vinabeba jina moja, kwa hiyo sishangai mtu akitoka kwenye mkutano wa tume akidhani amepiga kura. Hukupiga kura, Mwalimu. Ulitoa ushahidi.

Kwa nini sasa serikali yenye kura inautaka ushahidi huo?

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 8, inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote na kwamba serikali inapata madaraka yake kutoka kwao. Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki kikamilifu katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu yeye au taifa. Haikuishia kwenye haki ya kuchagua wa kuamua. Waandishi wake walijua kwamba kura ya miaka mitano ina ulimi mfupi. Unaweka alama moja ya vema mbele ya jina moja, na alama hiyo haiwezi kueleza kuwa umempenda mgombea kwa sababu ya barabara, hukumpenda kwa sababu ya pembejeo, na kuhusu kodi hukumsikia akisema lolote. Akishaapishwa, serikali yake itakutana na mambo ambayo hayakutajwa hata mara moja jukwaani.

Kumbuka tozo za miamala ya simu. Kampeni za 2020 zilipita, sijui mgombea aliyeomba ridhaa ya wananchi kwa kuahidi tozo. Julai 2021 ikaanza, kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala, juu ya ada ya kampuni. Bunge lilikuwa limepitisha, Rais alikuwa ametia saini, kila mhuri uliotakiwa ulikuwepo. Hata hivyo nchi nzima ililalamika, na watu wengi wakarudi kubeba noti mfukoni au kumpa dereva wa basi bahasha ampelekee mama kijijini. Rais aliagiza iangaliwe upya, na Septemba mwaka huo huo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka uliofuata ikapunguzwa tena. Hakuna mahakama iliyoamuru hayo. Serikali iligundua kuwa sheria halali inaweza kukosa uhalali machoni pa watu, na ikikosa, hata fedha haikusanyiki vizuri.

Hapo ndipo penye kiini cha swali lako la kwanza. Askari hawatoshi kusimama kila mlango. Mzazi anampeleka mtoto kwenye chanjo, mfanyabiashara anatoa risiti, kijiji kinaacha msitu bila kuukata, sehemu kubwa kwa sababu wanaamini aliyeamua alikuwa na haki ya kuamua na alisikiliza kabla ya kuamua. Serikali inayoongoza watu walioamini hivyo inatumia nguvu kidogo na inafika mbali. Ndiyo maana inakuja kwenu na kipaza sauti. Inatafuta taarifa, kweli, lakini zaidi inatafuta kusadikiwa.

Sasa twende 1991.

Rais Mwinyi aliiteua Tume ya Nyalali mwanzoni mwa mwaka ule ili ieleze kama nchi iendelee na chama kimoja au iingie vyama vingi. Mwalimu Nyerere alikuwa ameanza kusema hadharani mwaka 1990 kwamba jambo hilo lijadiliwe. Zaidi ya watu 36,000 walitoa maoni, wewe ukiwemo. Asilimia 77 hivi walisema chama kimoja kiendelee. Waliotaka vyama vingi walikuwa kama asilimia 21. Tume ikapendekeza vyama vingi, mkutano mkuu wa chama tawala ukakubali Februari 1992, Bunge likabadilisha Katiba, na Julai 1 mwaka huo sheria ya vyama vya siasa ikaanza kazi.

Nimewahi kumsikia mzee mmoja akisema kwa uchungu kwamba siku ile demokrasia ilianza kwa kuwapuuza wengi. Uchungu wake naukubali. Hitimisho lake silikubali, na ningependa unisikilize kwa nini.

Tazama kwanza walichosema hao asilimia 77. Zaidi ya nusu yao waliongeza kwamba mfumo urekebishwe, na marekebisho mengi waliyoyataja, kama kupunguza kofia za chama serikalini na kuwapa watu uhuru wa kusema, ndiyo hayo hayo waliyokuwa wakiyadai watu wa vyama vingi. Kwenye jedwali walionekana wako upande mmoja na waliotaka kila kitu kibaki kama kilivyo. Kwenye maneno yao hawakuwa upande mmoja.

Pili, fikiria walichokuwa wanakijua. Chama kimoja kilikuwa sheria tangu 1965. Kwa miaka 26 hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kusimama uwanjani akaeleza chama cha pili kingefanya nini. Watu walisikia kwamba vyama vingi ni vita na ukabila, basi. Maoni ya umma hayaoti yenyewe kama magugu. Yanatokana na yale ambayo umma umeruhusiwa kuyasikia. Ukimuuliza mtu achague kati ya nyumba aliyoizoea na nyumba ambayo hajawahi kuonyeshwa, akachagua aliyoizoea, umepata jibu la kweli, ila ni jibu dogo.

Jambo la tatu ndilo ninaloliona kubwa zaidi. Wale asilimia 21 walikuwa wanaomba ruhusa ya kukusanyika na wenzao na kushindana kwa hoja. Hawakuomba kuwatawala asilimia 77. Haki ya namna hiyo wengi hawana mamlaka ya kuinyima, hata wangekuwa asilimia 99. Na uamuzi ule haukumnyang'anya kitu aliyependa chama chake: Oktoba 1995 aliingia kwenye kituo cha kura akakichagua, na chama hicho kikashinda. Waliokataliwa maoni yao walipewa sababu na wakapewa njia ya kujibu. Hivyo viwili, Mwalimu, ndivyo ninavyoviangalia kila serikali inaposema imewasikiliza wananchi. Imetoa sababu? Imeacha njia ya kuijibu?

Ila uadilifu unanitaka niseme na upande wa pili. Tume ile ile ilitaja sheria 40 zilizokuwa zinabana uhuru wa watu, ikashauri ziangaliwe. Ilipendekeza pia muundo wa serikali tatu, yaani ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano, badala ya mbili zilizopo, ya Muungano na ya Zanzibar. Serikali ilichukua vyama vingi, ikakataa serikali tatu, na kati ya zile sheria 40 nyingi zilikaa vitabuni miaka na miaka. Aliyetumia heshima ya Tume kuwaambia wengi kwamba walikosea hakuitumia heshima hiyo hiyo pale ilipombana yeye. Jambo hili linaniuma mpaka leo, kwa kuwa ripoti ya Nyalali ilikuwa kazi nzuri, na ingeheshimiwa yote tungekuwa tumejifunza mapema kwamba maoni si kapu la kuchagulia embe zilizoiva.

Mwaka 1998 likaja zoezi jingine la maoni kuhusu Katiba, Tume ya Jaji Kisanga. Waliotoa maoni wengi walitaka serikali mbili, Tume ikapendekeza tatu, na Rais Mkapa akaikosoa waziwazi kwa kwenda kinyume na walio wengi. Linganisha na 1992. Mara ile wengi waliambiwa hoja ni nzito kuliko idadi. Mara hii Tume ikaambiwa idadi ni nzito kuliko hoja. Inawezekana kuwa uamuzi wa mara zote mbili ulikuwa na busara yake. Lakini mwananchi anayetazama kutoka Kilosa ana haki ya kuuliza ni kanuni gani iliyotumika.

Hapo tunafika 2012, na kimya chako.

Tume ya Warioba, iliyokusanya maoni ya kuandika katiba mpya, ilizunguka nchi nzima, na zaidi ya watu 350,000 walitoa maoni. Ni wengi mno, sijui zoezi jingine la namna hiyo hapa kwetu lililofika idadi hiyo. Kati yao, karibu watu 48,000 walizungumzia muundo wa Muungano. Kati ya hao, waliotoka Bara asilimia 61 walitaka serikali tatu. Waliotoka Zanzibar asilimia 60 walitaka muungano wa mkataba, yaani nchi mbili zenye mamlaka yake zinazoshirikiana kwa makubaliano. Tume ikaandika rasimu ya serikali tatu, na Jaji Warioba akaiwasilisha Dodoma kwenye Bunge Maalum la Katiba Machi 2014.

Siku chache baadaye, Machi 21, Rais Kikwete akalihutubia Bunge lile lile akitumia takwimu zile zile za Tume. Akasema waliozungumzia muundo ni asilimia 13 na ushei tu ya wote waliotoa maoni. Waliobaki, zaidi ya asilimia 86, hawakuutaja, na kwa hiyo kwao Muungano haukuwa tatizo. Wewe, Mwalimu, uliyezungumzia maji na ardhi, ulihesabiwa humo.

Lugha yetu ina misemo miwili inayogombana juu ya jambo hili. Mmoja unasema kunyamaza ni kukubali. Wa pili unasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Rais alisimama kwenye wa kwanza, na wapinzani wake wakamjibu kwa wa pili. Mimi nasema wote wawili waliegemea ukuta ambao haukujengwa, na nitakueleza kwa nini, kwa sababu ni jambo la kiufundi ambalo nadra kuelezwa mikutanoni.

Watu 350,000 waliotoa maoni kwa Tume walijitokeza wenyewe. Hakuna aliyewachagua kwa bahati nasibu ili wawe picha ndogo ya nchi. Anayekuja mwenyewe ni mwenye nafasi, mwenye jambo, mwenye uthubutu wa kushika kipaza sauti. Mara nyingi ni mwanamume, na wakati mwingine ni mtu aliyeletwa na chama chake na karatasi mkononi. Idadi kubwa haiponyi kasoro hiyo. Wamarekani walijifunza mwaka 1936. Gazeti moja maarufu, Literary Digest, lilituma karatasi milioni 10 kwa watu ambao majina yao mengi lilikuwa limeyatoa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati wa dhiki kubwa ya uchumi. Zikarudi zaidi ya milioni 2, na gazeti likatangaza kuwa Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. George Gallup, aliyeuliza watu wachache sana kuliko hao lakini akajali kuwapata wa kila hali, alikuwa ametabiri mshindi sawasawa. Watu 2,400 waliopatikana kwa kura ya bahati nasibu, mijini na vijijini, wake kwa waume, wanaeleza nchi kuliko laki tatu na nusu waliokuja kwa miguu yao.

Kwa hiyo aliyesema "asilimia 61 ya Wabara wanataka serikali tatu" alikwenda mbali kuliko takwimu zilivyomruhusu, na aliyesema "asilimia 86 hawana tatizo na Muungano" alikwenda mbali zaidi, kwa sababu alihesabu hata neno ambalo halikusemwa. Wewe ulizungumzia maji kwa kuwa kisima chenu kilikuwa kimekauka, wala hukuulizwa habari ya muundo. Kutokuulizwa hakumfanyi mtu awe amejibu.

Thamani ya kazi ya Warioba ilikuwa kwenye sababu ambazo watu walizitoa, na asilimia zilifunika thamani hiyo. Wazanzibari walieleza wanavyoona mamlaka yao yakipungua. Wabara walieleza kwamba Tanganyika imevaa koti la Muungano, kwamba Zanzibar ina bendera na serikali yake nao hawana. Upande wa serikali nao ulikuwa na hoja ya uzito: serikali ya tatu itapata wapi mapato yake, na ikikosa mshahara wa jeshi itakuwaje? Hayo ndiyo yaliyostahili miezi ya mjadala. Tukabaki kugombania idadi.

Na ubishi kuhusu kimya ulikuwa na tiba moja tu, nayo ni kuwauliza wote kwa kura. Wabunge wa upinzani, walioungana kama UKAWA (Umoja wa Katiba ya Wananchi), walitoka nje Aprili 2014. Bunge lililobaki likapitisha Katiba Inayopendekezwa mwezi Oktoba, yenye serikali mbili, na kura ya maoni ikapangiwa Aprili 30, 2015. Ikaahirishwa, na haijapigwa. Ndiyo maana nikikuambia kwamba jambo la 1992 lina uhalali na la 2014 limebaki na kidonda, sizungumzii nani alikuwa sahihi juu ya idadi ya serikali. Nazungumzia mlango wa kujibu. Mwaka 1995 ulifunguliwa. Ule mwingine bado umefungwa, na wewe uliyehesabiwa kuwa umekubali hujapata mahali pa kusema kama kweli ulikubali.

Zanzibar wamewahi kutuonyesha namna nyingine. Baada ya maridhiano ya Rais Karume wa Zanzibar na Maalim Seif, kiongozi wa upinzani, mwishoni mwa 2009, viongozi hawakutosheka na kupeana mikono. Julai 31, 2010 waliwauliza wananchi kwa kura kama wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na asilimia 66 wakasema ndiyo. Uchaguzi wa 2015 ulipofutwa na mambo yakaharibika, serikali ya umoja ilikatika kwa miaka kadhaa. Lakini kifungu kilichopigiwa kura hakikufutika kwenye Katiba ya Zanzibar, na Desemba 2020 Maalim Seif akaapishwa tena kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais kwa kifungu hicho hicho. Makubaliano ya watu wawili yangekufa mara ya kwanza walipogombana.

Majirani zetu wa Kenya wamekwenda hatua nyingine. Katiba yao ya 2010 imeweka ushirikishwaji wa umma kuwa sharti, na ibara ya 118 inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kutunga sheria. Mahakama zao zimekuwa zikipima mara kwa mara kama sharti hilo limetimizwa. Hata hivyo, Juni 2024, Muswada wa Fedha ulipitia vikao vya kusikiliza maoni, vipengele kadhaa vikaondolewa, ikiwemo kodi ya mkate, kisha wabunge 195 wakaupitisha dhidi ya 106. Siku hiyo hiyo, Juni 25, vijana waliandamana hadi ndani ya majengo ya Bunge na watu wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais Ruto akatangaza kuwa hatausaini. Vijana wale walikuwa wamekwisha kutoa maoni. Walichokosa ni kuamini kwamba maoni yao yalikuwa na uwezo wa kuubadilisha moyo wa muswada, na imani hiyo ilipopotea hakuna kikao cha kamati ambacho kingeirudisha kwa siku moja. Roho za watu zilizopotea ndiyo bei iliyolipwa.

Kuna jambo jingine hukuniuliza, lakini siwezi kuliacha. Maoni yana faida kwa serikali pale tu mtu anapoweza kuyasema bila woga. Nikiwa kijana nilifanya kazi ya kuhoji watu majumbani kwa ajili ya utafiti. Bibi mmoja alinijibu maswali yote kwamba mambo ni mazuri: zahanati nzuri, diwani mzuri, maji mazuri. Nilipofunga daftari na kusimama, akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha pampu iliyokuwa imekufa tangu mwaka wa juzi. Akauliza: "Ni nani hasa amekutuma, mwanangu?" Tangu siku hiyo, kila takwimu ya kuridhika naisoma nikimkumbuka yeye. Watafiti wa Afrobarometer, wanaopima maoni ya watu katika nchi nyingi za Afrika, huweka swali hilo hilo mwishoni mwa dodoso, wanamuuliza aliyehojiwa anadhani ni nani aliyewatuma, kwa sababu anayedhani ni serikali anaweza kujibu tofauti na anayedhani siyo.

Na serikali inayotisha wapimaji inajipofusha yenyewe. Mwaka 2018 shirika la Twaweza lilitoa matokeo ya utafiti wake wa simu, Sauti za Wananchi, yakionyesha waliokubali utendaji wa Rais Magufuli wameshuka hadi asilimia 55, kutoka 71 mwaka uliotangulia na 96 mwaka 2016. Shirika likaandikiwa barua na Tume ya Sayansi na Teknolojia likidaiwa maelezo ya kibali, na mkurugenzi wake akanyang'anywa pasipoti. Mwezi Septemba Bunge likabadilisha Sheria ya Takwimu ili kuwabana wanaotoa takwimu zinazopingana na za serikali, kabla ya kulegeza mwaka 2019. Asilimia 55 ingekuwa namba ya heshima kwa kiongozi yeyote duniani. Kuipokea na kuuliza "hao waliopungua tumewakosea nini?" kungempa Rais kitu ambacho wasaidizi wake wasingethubutu kumwambia. Baada ya hapo, hata namba nzuri zikitoka, mwenye akili anajiuliza kama ni upendo au ni yule bibi na daftari langu.

Sasa wanao, na hilo la kukaa nyumbani.

Uko kijijini, Mwalimu, na kijijini ni mahali ambapo sheria yetu inageuza maoni kuwa uamuzi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano mkuu ni kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Akija mwekezaji na gari zuri na barua ya wilaya, bado anahitaji mkutano huo. Mapato na matumizi husomwa hapo. Mkutano usipoitishwa, au ukiitishwa siku ya gulio ili watu wasije, kinachoibwa ni uamuzi wenyewe. Huo ndio mkutano ambao wewe, unayejua kusoma muhtasari na kuuliza tarehe, unahitajika kuliko mtu mwingine.

Kwa tume na vikao vya maoni, nenda pia, ila nenda tofauti na ulivyokwenda. Usiseme unataka nini tu. Sema kwa sababu gani, kwa kuwa sababu ikishaandikwa ni ngumu kuijumlisha pamoja na watu usiokubaliana nao. Ukimaliza la maji na ardhi, taja na yale mengine makubwa yaliyomo mezani, hata kwa sentensi moja: hili sijaulizwa na sijaamua, au hili nalipinga. Waliokujumlisha mwaka 2014 wasingeweza kukuweka kwenye asilimia 86 kama karani angekuwa na sentensi hiyo yako. Kabla hujaondoka, muulize mwenyekiti ripoti itatolewa lini na itapatikana wapi, jibu lake liandikwe, na uende na mmoja wa hao wanao ashuhudie likiandikwa.